Kusikiliza mihadhara ya uchumi ukikimbia

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mihadhara ya uchumi na teknolojia inakupotea unapokimbia alfajiri kutoka Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite, hapo Dar es Salaam. Nadhani tatizo ni aina ya mhadhara, kwa maana msemaji anayeeleza grafu iliyo ukutani humwacha gizani asiyeiona, ilhali mazungumzo ya watu wawili, kama EconTalk, podikasti ya uchumi ambayo mwanauchumi Russ Roberts ameiendesha tangu 2006, hujieleza yenyewe kwa sauti. Yapakue usiku, uyasikilize siku za mbio za polepole tu. Siku za kasi akili hufuata pumzi. Na tafadhali sana, acha sikio moja wazi, kwani bodaboda hazitakusubiri.