Kuamia mpunga na mahindi kwa manati

Mkuu, umeuliza kama manati itakusaidia kwenye heka zako za mpunga na kipande cha mahindi huko Mvomero, kwa vile ndege na tumbili wamekushinda na kijana wa kuamia anataka hela ndefu. Nimelima Dakawa misimu kadhaa na manati ninayo hadi leo. Jibu fupi: inasaidia, ila kijana bado utamhitaji, labda ukae dunguni mwenyewe.

Habari ya kuua isahau. Kwelea kwelea mmoja hula kama gramu 10 za punje kwa siku, na hawaji mmoja mmoja. Ukiangusha watatu hujapunguza kitu. Unachotaka ni wasitue. Kundi likija, fyatua mbele yao kabla hawajashuka, litageuka lote. Ukisubiri watue ndipo uanze kupiga, wanahamia jaruba la pili, mtakimbizana mpaka giza liingie. Kwa hiyo uwe shambani kabla jua halijachomoza, hasa mpunga ukiwa kwenye maziwa, yaani punje bado laini zina majimaji meupe. Mchana jua likiwaka sana wanatulia, alasiri wanarudi na njaa yao.

Usipigie kokoto. Hazilingani umbo, kila moja inakwenda inakotaka, halafu zinabaki jarubani kusubiri visu vya kombaini, ile mashine ya kuvunia. Chukua udongo wa kichuguu, ukande na maji kidogo, viringisha vitufe vya ukubwa wa gololi, anika kivulini. Juani vinapasuka. Vikikauka vinanyooka vizuri hewani, na vikidondokea majini vinalainika vyenyewe.

Panda, yaani kile kijiti chenye matawi mawili cha kushikia manati, tafuta ya mpera. Mpira ndio wa kuangalia sana. Tyubu ya baiskeli ikate kwa wembe mpya, mkato mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Mkasi unaacha vijino pembeni, na mpira huanza kuchanika pale pale kwenye kijino. Ukikatika umeuvuta, unakurudia jichoni. Mimi kila asubuhi nauvuta taratibu usawa wa kiuno nikikagua kingo. Nikiona ufa, natupa, sifungi fundo. Miwani ya kukinga macho vaa, ya kioo kisicho cheusi.

Mazoezi fanyia nyumbani: ning'iniza gunia tupu mtini, kopo mbele yake, simama hatua kumi. Mkono unaovuta uishie mahali pale pale kila mara, mimi huishia chini ya sikio. Kabla ya kuachia, tazama nyuma ya shabaha kuna nini. Bati la jirani linavumilika, mtoto anayepita njiani hapana.

Kwa tumbili, piga shina la mti alipo, ule mshindo unamtosha. Huyo analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, ukimjeruhi umejitafutia kesi. Nyani dume usimfuate kabisa na kimanati chako. Kwenye mahindi, kusema kweli, mbwa wawili wanaobweka ni bora kuliko sisi wote.

Na siku ukiona kwelea wametanda kama moshi, weka manati chini, mpigie afisa ugani aripoti mapema wanakolala ili ndege ya kunyunyizia sumu iombwe. Wakishanyunyiziwa, waambie vijana wasiokote wa kuchoma. Ile ni sumu, na najua watajaribu tu.