Walinisindikiza kwa macho

Swali lenu la wiki hii ni fupi: "Je, umewahi kuagwa kwa namna ambayo hujaisahau mpaka leo?" Nimelisoma nikiwa barazani kwetu Lamu, nikaona mistari mitatu haitoshi. Mniwie radhi kwa urefu.

Ndiyo, nimewahi. Ilikuwa Agosti 2019, kisiwani Shodoshima, Japani. Nilikuwa nimefundisha Kiingereza huko kwa miaka mitatu, katika shule ya watoto wa miaka 12 hadi 15, kupitia mpango wa JET, wa kualika vijana wa kigeni kufundisha lugha, ambao Japani imeuendesha tangu 1987. Mwalimu wa kigeni hupewa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na ukiongezwa kila mara, mwisho ni miaka mitano. Mikataba mingi huisha mwezi wa saba au wa nane. Kwa hiyo kila majira ya joto kuna anayefunga mizigo na kuna anayeshuka kwenye feri akiwa amepotea macho. Mwaka ule zamu ya kufunga mizigo ilikuwa yangu.

Shodoshima iko katika bahari ya Seto, saa moja kwa feri kutoka mji wa Takamatsu. Ni kisiwa cha zeituni, cha tambi nyembamba za somen, cha mchuzi wa soya unaochachushwa kwenye mapipa makubwa ya mbao. Kwetu Julai ni kusi, upepo mkali na bahari chafu. Kule mvua zikikatika ndipo joto linapokuja na unyevu wake, na wale wadudu wa mitini waitwao semi wanapiga kelele toka alfajiri hadi unadhani mti wenyewe ndio unalia. Watoto wanabeba chupa za chai baridi ya shayiri, na hakuna anayekaa ndani. Kila wikendi kuna pa kwenda.

Mwanzoni mwa Julai mwalimu mwenzangu alinipeleka Nakayama, mahali mashamba ya mpunga yamepangwa mlimani kama ngazi, karibu mashamba 800, mengine madogo kuliko sebule. Jioni watu walijipanga na mienge, watoto mbele, wakashuka taratibu kwenye vijia vya kati ya maji. Sherehe hiyo inaitwa mushi okuri, yaani kuwasindikiza wadudu. Wanaoharibu mpunga wanaonyeshwa njia kwa moto, wanatolewa shambani kama mgeni anayetolewa mlangoni. Nilishika mwenge wangu wa mwanzi, moshi ukinichoma macho, nikalirudia lile neno okuri kimoyomoyo. Sikujua kwamba nitalisikia majira yote.

Sisi watu wa pwani tunaona kusindikiza ni mali yetu. Mgeni haachwi aondoke peke yake. Unamchukulia mkoba, unamfikisha njiani au gatini, unamwambia salimia wa kwenu. Lakini tukishamfikisha, basi, tunageuka. Wajapani wana neno jingine, miokuri, kumsindikiza mtu kwa kumtazama. Mwenye nyumba husimama mlangoni mpaka gari lako likate kona. Fundi aliyekutengenezea baiskeli husimama. Mwaka wa kwanza ilinitia haya, nikawa naongeza mwendo ili wapumzike.

Shule ilifunga muhula tarehe 19 Julai. Watoto walikaa sakafuni ukumbini, safu zimenyooka, nami nikapanda jukwaani kuaga kwa Kijapani nilichokiandika kwa wiki mbili. Nilikosea maneno mawili, nikayaona mabega ya mwalimu mkuu yakiinama kidogo kana kwamba amelibeba kosa pamoja nami. Kisha kila darasa likanipa shikishi, ubao mgumu wa mraba ambao kila mtoto ameuandikia neno kuuzunguka kama miale ya jua. Ninazo zote nne. Kwenye mmoja kuna mvulana ambaye tangu aingie shule hakuwahi kunijibu kwa sauti. Hakuandika kitu. Alichora mkono wangu ulioshika chaki, na ile pete ya fedha niliyopewa na nyanya.

Baada ya hapo zikawa ni safari na maagano, huku unakunja nguo, huku unakimbilia feri. Na mwenzangu wa Jamaica, aliyetangulia kuondoka, tulikwenda kisiwa cha Naoshima kuliona boga kubwa la njano la msanii Yayoi Kusama, lenye madoa meusi, limekaa mwisho wa gati kuukuu kama linasubiri boti. Miaka miwili baadaye, Agosti 2021, kimbunga kililing'oa na kulivunja. Kuna jingine jipya pale sasa, lakini nilipoisoma habari ile nilihisi nimefiwa na mtu wa siku ile. Tarehe 12 Agosti tulikuwa mjini Tokushima kwenye ngoma za Awa Odori, wanawake na kofia zao zilizokunjwa kama mwezi mchanga, wakicheza kwa ncha za viatu vya mbao. Nilicheza mpaka kisigino kikatoka damu.

Hiroshima sitaipitia haraka hivyo. Nilikuwa huko tarehe 6. Asubuhi, saa mbili na robo, saa ileile bomu lilipoanguka mwaka 1945, mji wote ulinyamaza na kengele ikapigwa. Jioni watu walipanga foleni kando ya mto Motoyasu, kila mmoja na taa yake ya karatasi ya kuwakumbuka waliokufa. Mbele yangu alikuwa mzee wa kiume peke yake. Aliiweka taa majini kwa mikono miwili, ikasita pale pale ukingoni, naye akaisukuma kidogo kwa kidole kimoja, kama unavyomsukuma mtoto anayeona haya kwenda kwa wenzake. Ikaenda. Hakuondoka mpaka ilipochanganyika na nyingine.

Tiketi yangu ya kutoka kisiwani ilikuwa ya tarehe 15. Usiku wa 14 walimu walinifanyia soubetsukai, karamu ya kuagana. Tulikula, tukaimba, tukalia, tukainamiana mlangoni nikidhani ndiyo basi. Usiku huohuo kimbunga Krosa kilikuwa kinakuja, na asubuhi feri hazikutembea. Nilishinda katika chumba kitupu, mabegi mawili na godoro la kuazima, nikitazama mvua ikipita ubavuni.

Jioni jirani yangu aligonga na sahani ya somen. Alikuwa na miaka zaidi ya themanini, nikimwita Obaachan, yaani bibi, naye akiniita binti wa kisiwa kingine. Alinichukua kwake. Zilikuwa siku za Obon, ambapo roho za wazee waliotangulia hurudi nyumbani na kusindikizwa tena tarehe 16. Yeye alizaliwa upande wa Tokyo akaolewa Shodoshima, kwa hiyo alikuwa na desturi ya kwao ambayo majirani hawakuwa nayo. Mbele ya picha ya marehemu mumewe kulikuwa na tango na biringani, kila moja limechomekwa vijiti vinne vya miguu. Tango ni farasi, roho ije mbio. Biringani ni ng'ombe, irudi taratibu, na ibebe zawadi.

Nilimpa kanga yangu ya pea, iliyoandikwa Wema hauozi. Aliuliza maana, nikamweleza kwa Kijapani changu cha kuungaunga. Akaikunja, akaiweka pale kando ya ng'ombe wa biringani. Mimi ni Mwislamu na mambo ya roho kurudi si imani yangu, lakini sikuona vibaya hata kidogo. Niliona nguo yangu imewekwa mahali pa heshima.

Siku ya pili, tarehe 16, bahari ilitulia. Obaachan hakuja gatini, kwani jioni alikuwa na moto wa kumwashia mumewe. Alisimama mlangoni akaniambia, "Itterasshai." Hilo ndilo neno la kumwambia mtoto anayetoka kwenda shule: nenda, urudi. Sayonara hakuitamka, wala walimu hawakuitamka.

Kwenye gati ya Tonosho nilikuta walimu sita na wanafunzi, labda thelathini, katikati ya likizo, wengine na sare za beisiboli zenye vumbi. Walikuwa na roli za tepe za karatasi za rangi. Mimi nikapanda staha ya juu nikiwa nimeshika ncha kiganjani, wao wakabaki na roli. Feri ilipoachia kamba tepe zikaanza kujifungua, nyekundu, njano, buluu, zikipepea juu ya maji, nami nikihisi kila mmoja akivuta kidogo kule mwisho. Ukiwa umeishika tepe kama ile unajua mtoto gani ameanza kulia, kwa sababu inatetemeka.

Kila siku nilikuwa nikimaliza kipindi kwa kuwafundisha neno moja la Kiswahili, na mwisho wa somo nikawaambia tutaonana kesho. Maneno mengine waliyasahau. Hilo moja waliliweka. Karatasi zilipoanza kukatika, moja baada ya moja, nikasikia kutoka gatini sauti thelathini kwa pamoja, "Tutaonana kesho! Tutaonana kesho!" Hawakuwa na neno jingine la lugha yangu la kuniagia. Yule mvulana wa mkono na chaki alikuwa ukingoni kabisa mwa gati, mikono mdomoni kama pembe. Nilimwona kinywa kikifunguka. Sauti yake sikuweza kuitenga na za wenzake, na nimejaribu mara nyingi kuikumbuka.

Hawakugeuka. Feri ilipita mlango wa bandari, wakawa vidoa, na vidoa vikaendelea kupunga.

Mwaka jana dada yangu aliolewa Mombasa. Tulimshusha gatini hapa Lamu na masanduku yake, boti ikaondoka kuelekea Mokowe, gati ya upande wa bara, na watu wote wakarudi mjini kwa maneno na vicheko. Mama alifika nusu ya njia, akaona sipo, akarudi kunifuata. Akanikuta nimesimama palepale.

"Wamtazama nani tena, mwanangu?"

"Yeye, mama. Boti yaonekana bado."

Akaiangalia. Kisha akakaa juu ya gunia la mtu, akajifunika kanga vizuri, tukaitazama pamoja mpaka ilipoingia nyuma ya mikoko.