Uliza Mtakwimu: Kaya 4,000, vipimo 30 na kadi za Gosset

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uchumi, mwaka wa mwisho, na faili langu la utafiti lina kaya 4,000. Kaka yangu yuko maabara ya kemia, ana vipimo 30 tu. Rafiki yetu wa takwimu ndiye anayenishangaza zaidi: hajapima kitu wala kumhoji mtu, anaiamuru kompyuta imtungie namba. Wote watatu tunaitwa watafiti. Nani hasa anafanya utafiti? Na kwa wingi wa data, mimi si niko mbele yao?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo rafiki yenu, maana anadharauliwa bure.

William Gosset alikuwa mkemia katika kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Sampuli zake zilikuwa chache mno, na kanuni za wakati ule zilitaka nyingi. Akatunga kanuni yake, kisha akataka kuijaribu. Akachukua vipimo vilivyokwisha kuchapishwa vya wahalifu 3,000, kimo na urefu wa kidole cha kati, akaviandika kwenye vipande vya kadi, kila mtu na kadi yake. Akazichanganya vizuri, akazigawa mafungu 750 ya kadi nne nne, akakokotoa fungu moja baada ya jingine. Hakumpima mtu hata mmoja kwa mkono wake. Lakini kwa kuwa hali ya wote 3,000 ilijulikana, aliweza kuona jinsi fungu la watu wanne linavyoyumba, na kama kanuni yake inaueleza vyema mtikisiko huo. Makala yake ya mwaka 1908, aliyoitoa kwa jina la Student, yaani Mwanafunzi, ndiyo asili ya jaribio la t, kanuni ya kupima kama tofauti ya wastani ni ya kweli au ni bahati tu, linalotumika hadi leo katika maabara za kila aina. Rafiki yenu anafanya vivyo hivyo, ila kompyuta imeshika nafasi ya kadi. Anaikagua mizani kwa jiwe ambalo uzito wake anaujua.

Sasa kaka yako. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa na watafiti wa fani mbalimbali, faili likiwa wazi mbele yetu. Kijana mmoja wa maabara aliniletea vipimo 30, safi kabisa, vinakubaliana hadi desimali ya pili. Nikamuuliza: chupa ngapi za sampuli? Akanyamaza kidogo, akasema tatu. Kila chupa aliipima mara kumi. Kuipima chupa moja mara kumi kunakuonyesha kwamba mashine yako imetulia. Chupa ya nne itakuwaje, hapo hujui bado. Ule ulikuwa utafiti wa vitu vitatu, tukaukokotoa hivyo, na matokeo yakapoteza makali. Ilimuuma, nami iliniuma, kwa sababu angekuja kabla ya kupima ningemwambia achukue chupa kumi, kila moja aipime mara tatu. Vipimo vingekuwa 30 vilevile.

Kwa hiyo usizifurahie kaya zako 4,000 kabla hujaniambia ziliteuliwaje. Kama waliozikusanya walichagua maeneo 40, kisha wakahoji kaya 100 kila eneo, basi majirani hao wananyeshewa mvua moja na wananunua kwa bei moja. Kaya zinatofautiana kuliko vipimo vya chupa, sikatai, lakini ugonjwa ni uleule. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer waliujua walipochunguza dawa za minyoo kwa wanafunzi wa Busia, Kenya. Watoto walizidi 30,000, lakini dawa iligawiwa kwa shule, na shule zilikuwa 75, makundi matatu ya 25, kundi la kwanza likianza mwaka 1998. Makosa ya makadirio, yaani kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba, wakayakokotoa kwa kuzingatia shule. Makala yao ya 2004 ilisema utoro ulipungua kwa robo. Data waliwapa wenzao waikague, na mwaka 2015 wenzao hao wakachapisha makosa ya hesabu waliyoyakuta, hasa kwenye manufaa yaliyodaiwa kufika shule za jirani. Ubishi ukawa mkali. Mimi nawaheshimu zaidi kwa kufungua faili lao kuliko kwa ile robo.

Wote watatu mnafanya utafiti. Kaka yako anapima vitu, wewe watu, na rafiki yenu anapima vipimo vyenyewe. Leo usiku fungua faili utafute safu ya eneo. Ukiikuta, hesabu maeneo, si kaya, na makosa ya makadirio uyakokotoe kwa eneo. Usipoikuta, waandikie waliokusanya data kabla hujaandika sura ya matokeo.

SWALI: Kwa nini makala za fizikia huwa na majina mengi ajabu, na za uchumi mawili matatu? Na anayetajwa kwanza ndiye mkubwa wao?

JIBU: Inategemea fani. Mwaka 2015 vikundi viwili vya wanafizikia, ATLAS na CMS, vinavyofanya kazi CERN, kituo cha utafiti chenye mashine kubwa ya kugonganisha chembe ndogo kuliko atomu, vilitoa makala ya pamoja yenye waandishi 5,154, kuhusu masi ya chembe mojawapo, iitwayo Higgs. Kurasa zilikuwa 33, na makala yenyewe pamoja na marejeo ilichukua 9 tu. Zilizobaki ni majina na taasisi zao. Mashine ile haijengwi na mtu mmoja, na aliyekaza nyaya zake anastahili kutajwa.

Wachumi na wanahisabati wengi hufuata alfabeti, kwa hiyo katika makala za wachumi Banerjee na Duflo, Banerjee kumtangulia Duflo hakukuambii lolote kuhusu nani alifanya nini. Kwenye baiolojia, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi kubwa, na mwenye maabara hukaa mwisho. Ukimtafuta huyo, anza kusoma majina kutoka mkiani.