Kabla Mtoto Hajasema Ana Kiu

Barua nyingi za mwezi huu zinatoka kwenye nyumba za aina moja: joto limepanda, shule zimefungwa, na watoto wadogo wanashinda nyumbani. Tumezijibu kwa urefu pale hatari ilipo kubwa.

Mwanangu ana miezi minne na ananyonya tu. Mama mkwe anasema kwa joto hili lazima nimpe maji, la sivyo atakauka. Namheshimu na sitaki kubishana naye. Nifanyeje?
*Mama wa kifungua mimba*

Usimpe maji. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupata maji yote anayohitaji kwenye maziwa ya mama, maana takribani asilimia 88 ya maziwa hayo ni maji. Ukimpa maji, tumbo lake dogo linajaa na ananyonya kidogo. Baya zaidi, figo zake bado changa na haziwezi kuyatoa maji ya ziada upesi, kwa hiyo chumvi iliyomo kwenye damu inashuka, na mtoto anaweza kulegea au hata kupata degedege.

Wakati wa joto mnyonyeshe mara nyingi zaidi, hata kila saa moja ikibidi. Usishangae akinyonya dakika chache na kuachia. Hapo anakata kiu. Maji ya ziada kunywa wewe, glasi moja kila unapoketi kumnyonyesha. Kama anatumia maziwa ya kopo, fuata kipimo kilichoandikwa, maji kwanza kisha unga, na usiyazimue kwa sababu ya joto.

Cha kuangalia ni nepi. Zikilowa mkojo mara 6 au zaidi kwa saa 24, mtoto yuko sawa. Nepi ikikaa kavu saa 6, au utosi ukibonyea, mdomo ukikauka, au akawa analala mno na hataki kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu mama mkwe: hofu yake ni ya kweli, mtoto hupoteza maji mengi kwenye joto, ila njia ya kuyarudisha ndiyo tofauti. Mwambie hivyo kwa upole, na siku ya kliniki nendeni pamoja asikie kwa muuguzi. Kisha mwombe achukue kitambaa na maji ya uvuguvugu, amfute mjukuu wake shingoni, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja mara mbili tatu kwa siku. Maji ya namna hiyo mtoto anayahitaji kweli.

Binti yangu wa miaka mitatu anacheza kutwa na hataki maji. Nikimuuliza kama ana kiu anakataa. Juzi mkojo wake ulikuwa wa njano iliyokolea. Halafu akiharisha ndiyo nachanganyikiwa kabisa.
*Baba wa watoto watatu*

Usimuulize. Mtoto wa umri huo akiwa kwenye mchezo haisikii kiu mpaka imemzidi, na swali la "unataka maji?" lina jibu moja tu kwake. Mpe kikombe mkononi, kidogo, chenye maji yasiyozidi nusu, kila baada ya dakika 20 hadi 30 za mchezo, na wewe kunywa mbele yake. Kikombe kikubwa kilichojaa humchosha kabla hajaanza. Weka kingine mahali anapokifikia mwenyewe.

Mtoto wa miaka 2 hadi 3 anahitaji takribani lita 1.3 za maji kwa siku, ukihesabu maziwa na maji yaliyomo kwenye chakula na matunda. Siku ya jua kali anahitaji zaidi, lakini huna haja ya kushika kipimo mkononi: mkojo ukiwa wa njano hafifu inatosha, ukikolea, amepungukiwa. Juisi na soda usizifanye mbadala. Sukari nyingi huvuta maji kuingia kwenye utumbo na kuzidisha kuharisha, tena mtoto aliyeshiba juisi hali chakula.

Akiharisha, maji matupu hayatoshi kwa sababu anapoteza na chumvi. Tumia ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Soma pakiti kwanza: nyingi ni za lita 1, zipo za ujazo mdogo zaidi. Pakiti yote iingie kwenye maji yote iliyoandikiwa. Ukitia pakiti ya lita moja kwenye glasi, chumvi inakuwa kali na inaweza kumdhuru. Ukigawa unga kwa kukadiria, hujui umempa nini. Usiongeze sukari wala kuchanganya na juisi. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage.

Kila akiharisha, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, na aliyezidi umri huo mililita 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko au kwa mafunda madogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole, kijiko kimoja kila dakika 2 au 3. Wazazi wengi huacha hapo wakisema dawa imekataa, kumbe sehemu kubwa ya alichokunywa imeshaingia mwilini. Kama huna pakiti, koroga vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita 1 ya maji safi. Nusu kijiko cha chumvi, narudia, kisizidi. Aendelee kula na kunyonya kama kawaida, na kliniki waulizie vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14.

Usikae naye nyumbani kama kinyesi kina damu, anatapika kila kitu, macho yamedidimia, analia bila machozi, au ukiifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole.

Mtoto amejaa vipele vyekundu vidogo shingoni na mgongoni. Nampaka mafuta na poda lakini vinazidi.
*Mama pacha*

Ni harara. Vijishimo vya jasho vimeziba, jasho limenasa chini ya ngozi. Mafuta mazito yanaziba zaidi, na poda ikichanganyika na jasho inaganda kwenye mikunjo. Isitoshe, vumbi lake likivutwa linaumiza mapafu ya mtoto mchanga. Acha vyote viwili. Muogeshe maji ya uvuguvugu, mkaushe kwa kugusagusa na taulo bila kusugua, mwache bila nguo kwa muda kwenye hewa, kisha mvike pamba nyepesi isiyobana. Kwa kawaida vinatulia ndani ya siku chache. Vikitoa usaha, au akipata homa, aonwe na daktari.

Tumenunua kibwawa cha plastiki cha watoto, maji yanafika magotini tu. Dada yao ana miaka minane, anaweza kuwaangalia nikiwa jikoni?
*Mama Neema*

Hapana, Mama Neema, na tunaomba ulichukue hili kwa uzito wote. Mtoto mdogo huzama kwenye maji ya sentimita chache, yanayotosha kufunika pua na mdomo tu. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, akianguka kifudifudi hawezi kujinyanyua. Na hapigi kelele. Watu husubiri kusikia kilio au maji yakirushwa, lakini mtoto anayezama yuko kimya, na ndani ya dakika moja anaweza kuwa amepoteza fahamu. Msichana wa miaka minane ni mtoto. Akigeuka kuchukua mpira, hakuna anayeangalia.

Anayesimamia awe mtu mzima, karibu kiasi cha kumgusa mtoto kwa mkono, simu iwe mbali. Mlango ukigongwa, watoe wote kwanza kisha ukafungue. Mchezo ukiisha, mwaga maji papo hapo na kigeuze kibwawa kifudifudi, maana mvua ikinyesha kinajijaza chenyewe. Fanya vivyo hivyo kwa ndoo, beseni na pipa lisilo na kifuniko. Ndoo ndiyo inayosahaulika: mtoto anayejifunza kusimama huinamia ndani kutazama, kichwa kinatangulia, na ndoo yenye maji haipinduki.

Mpira wa bomba uliolala juani una maji yanayoweza kumuunguza mtoto. Yaache yatiririke kando mpaka yapoe, yajaribu kwa kifundo cha mkono, ndipo ujaze. Maji yakichafuliwa na kinyesi yamwagwe na kibwawa kisuguliwe kwa sabuni. Kiweke kivulini. Midomo ikibadilika rangi au akianza kutetemeka, atoke hata kama analia.

Na mjue hili nyote nyumbani. Mtoto akitolewa majini hapumui, mmoja apige simu ya dharura, mwingine aanze: mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5, kisha minya katikati ya kifua mara 30 na pumzi 2, tena na tena, mpaka apumue au msaada ufike. Minya ili kifua kishuke theluthi moja ya unene wake, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usipoteze muda kumminya tumbo ili atapike maji. Akipona pia apelekwe hospitali.

Usiku watoto wanajigeuzageuza kwa joto, hatulali. Niwaogeshe maji baridi? Feni niielekeze kwao?
*Msomaji wa kila mwezi*

Chumba cha usiku kinaandaliwa mchana. Funga pazia na madirisha ya upande unaopigwa na jua kabla jua halijafika, na ufungue pande zote mbili hewa ya nje inapokuwa ya ubaridi kuliko ya ndani. Wengi hufungua mchana kutwa wakidhani wanaingiza hewa, kumbe wanaingiza joto ambalo kuta zitalitoa usiku.

Maji yawe ya uvuguvugu. Ya baridi sana hubana mishipa ya ngozi, joto linabaki ndani, na mtoto anatetemeka, jambo linalomtia joto zaidi. Feni izungushe hewa chumbani bila kumpiga usoni. Joto la chumba likizidi nyuzi 40 feni inamwelekezea hewa ya moto tu, hapo mloweshe ngozi au mhamie mahali penye ubaridi. Kutundika shuka mbichi mbele ya feni kunasaidia kwenye hewa kavu. Kama hewa ina unyevu mwingi, unazidisha unyevu na jasho halikauki.

Alale na nepi na fulana nyepesi, au nepi peke yake. Toa jalada la plastiki la godoro kama unaweza, au weka shuka nene la pamba juu yake. Usipime joto lake kwa mikono au miguu. Tia vidole nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, punguza nguo.

Naweza kumwacha mtoto aliyelala garini dakika tano nikanunue kitu, vioo nikishusha kidogo?
*Baba Juma*

Hapana, hata dakika mbili. Gari lililosimama juani linaweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10 hivi, na kushusha kioo kidogo hakubadilishi kitu. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka mara 3 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Mbebe. Ili usimsahau siku ya haraka, weka mkoba au kiatu chako cha kushoto kiti cha nyuma. Kigari cha kusukuma nacho usikifunike kwa kanga au shuka. Hewa inanasa ndani na mtoto humwoni.

Mtoto akitoka kucheza anakuwa wa moto, nampa parasetamo haishuki. Ni homa au jua?
*Mama wa mtoto wa miaka miwili*

Mtoe kwenye jua, mvue nguo, mloweshe maji, mpepee, mpe maji kidogo kidogo. Joto la jua huanza kushuka ndani ya nusu saa na mtoto anachangamka. Lisiposhuka, kipimajoto kikionyesha 38 au zaidi, huenda ni ugonjwa na apimwe. Parasetamo hushusha homa inayoletwa na ugonjwa. Kwa joto la jua haifanyi kazi, kwa hiyo usirudie dozi ukidhani ya kwanza ilikuwa ndogo.

Akiwa amechanganyikiwa, hatambui watu, anatapika mfululizo, ana degedege au amezimia, au mwili una nyuzi 40 au zaidi, hiyo ni dharura. Piga simu, na wakati huohuo mmwagie maji mwili mzima na umpepee bila kuacha, hata njiani. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Kila alasiri wanangu wanagombana na kulia. Asubuhi wako sawa.
*Mama Zuhura*

Wamechoka na wana joto, Mama Zuhura, na huenda wamekosa maji. Hamishia mchezo wa nje asubuhi kabla ya saa 4 na jioni baada ya saa 10. Kama huna saa, tazama kivuli: kikiwa kifupi kuliko urefu wa mtoto, jua ni kali na ndani ndiko kuzuri. Wakitoka, wavae kofia pana; aliyezidi miezi 6 apakwe mafuta ya kukinga jua ya SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi dakika 15 hadi 30 kabla, na arudiwe kila saa 2 na kila atokapo majini.

Katikati ya mchana wape kazi za chini na za taratibu: beseni dogo na vikombe vya kumiminia, wewe ukiwa umeketi hapo hapo, au shuka lililotandikwa chini ya meza liwe nyumba yao. Maji na tunda viwafikie nusu saa kabla ya muda ambao ugomvi huanza. Bao la chuma la kutelezea lijaribu kwa mgongo wa mkono wako; usipoweza kuuweka hapo sekunde 5, mtoto asikae juu yake.