Maswali na majibu: Mchaichai, kiloriti na mawazo yasiyolala

Januari ni mwezi wa ada, kwa hiyo sikushangaa kuona maswali mengi ya wiki hii ni ya msongo wa mawazo na miti shamba.

Wiki ya tatu sasa silali, nawaza ada za watoto. Jirani kaniambia ninywe mchaichai. Unasaidia kweli? (Mama wa watoto wanne, Pasua, Moshi)

Pole sana, mama. Mchaichai hauna shida, na huku kwetu wengi tuna shina lake nyuma ya jiko. Funga majani machache fundo, yachemshe dakika kama tano, sufuria ikiwa imefunikwa ili ile harufu nzuri isitoroke na mvuke. Ila usitie majani ya chai. Hapo ndipo wengi tunapokosea: mtu anakunywa chai ya rangi yenye mchaichai saa tatu usiku, kisha anahangaika kitandani hadi jogoo awike. Kahawa nayo, hata ikiwa ya shambani kwako, iishie mchana. Ushahidi wa kitaalamu kuhusu mchaichai na usingizi bado ni mdogo, lakini ule utulivu wa kukaa na kikombe cha moto, simu ikiwa mbali, una faida yake. Ada itakuwepo asubuhi, kwa hiyo nenda shuleni mapema ukaombe kulipa kwa awamu. Nadhani hilo litakupa usingizi kuliko jani lolote.

Nilinunua unga wa mizizi kwa Mmasai karibu na soko la Kilombero. Alisema unaondoa mawazo na kuongeza nguvu. Niendelee? (Kijana, Sakina, Arusha)

Kaka, ulimuuliza ni mti gani? Wafugaji wetu wana elimu kubwa ya miti, na ninaiheshimu. Kiloriti, kwa mfano, huchemshwa kwenye supu ya nyama. Mti una jina na anayeupika anajua kipimo. Unga uliokwisha kusagwa huwezi kuutambua kwa macho. Rudi kwake kwa adabu, uliza jina la mti, ni gome au mzizi, na unywe kiasi gani. Muulize pia kama amesajiliwa, maana tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 kuna baraza linalosajili waganga. Asipotaja jina la mti, acha. Ukidhurika, daktari ataanzia wapi?

Mama yangu ana miaka 67, anatumia dawa za presha na kisukari. Siku hizi anakunywa rozela na mlonge kila siku "kutuliza mwili". (Binti, Usa River)

Hili ndilo lililonigusa zaidi. Rozela yenyewe hushusha presha, na mlonge unaweza kushusha sukari. Ukijumlisha na vidonge, mama anaweza kupata kizunguzungu akisimama, au kutetemeka na kutokwa jasho. Asiache vidonge, na wewe usimfokee. Siku ya kliniki beba pakiti zote, za duka la dawa na za sokoni, uzipange mezani kwa daktari. Wazee wengi huficha dawa za kienyeji wakiogopa kugombezwa. Nawaomba wahudumu wenzangu: mzee akitaja mti wake, mshukuruni kwanza.

Nina mimba ya miezi minne. Naweza kunywa mwarobaini kusafisha damu? (Himo)

Hapana, dada. Mwarobaini una nguvu na haufai kwa mjamzito. Kunywa maji, kula vizuri, nenda kliniki.

Rafiki zangu wanasema mirungi inaondoa stresi. (Dereva, Arusha)

Mirungi inakuamsha, haikutulizi. Ikiisha mwilini unabaki na uchovu na hasira. Tena ni dawa ya kulevya kisheria. Una usukani mkononi, kaka, achana nayo.

Baba alifiwa na mama miezi mitano iliyopita. Hali chakula, hatoki, anasema naye hana haja ya kuishi. Tumempa mizizi ya kila aina. (Kibosho)

Poleni kwa msiba. Acheni mizizi, na msimwache peke yake hata usiku mmoja. Sumu za shambani na za mifugo zifungieni mbali. Kesho asubuhi mpelekeni hospitali, na mkifika semeni wazi maneno hayo aliyoyasema. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, ni ugonjwa na una tiba. Atakayemsindikiza awe yule anayemsikiliza zaidi, hata kama ni mjukuu.