Piano ya enzi za Mozart: uanzie wapi

Ndugu, umeuliza uanze na rekodi ipi ya Mozart kwenye piano ya wakati wake. Mimi ningekupeleka moja kwa moja kwa mpiga piano Kristian Bezuidenhout, kwenye Fantasia K. 475 ya mwaka 1785 (K. ni namba ya kazi katika orodha ya tungo za Mozart). Anapiga nakala ya piano ya Anton Walter, fundi wa Vienna aliyemtengenezea Mozart mwenyewe. Nyundo za piano hiyo, zinazogonga nyuzi, ni ndogo, zimevikwa ngozi, na fremu ni ya mbao. Sikiliza noti nzito za mwanzo: hazivumi, zinatamka, kisha zinafifia haraka, na ukimya unaobaki katikati unatisha kweli. Tumia hedifoni, maana spika ya simu huzimeza noti za chini. Kwa Haydn, mtunzi mwingine wa enzi hiyo, mtafute mpiga piano Ronald Brautigam.