Samaki mgumu kama mbao ananasa nyavuni mtoni, nimrudishe majini au nimuue?

SWALI: Habari mtaalamu. Siku hizi nyavu zetu mtoni zinanasa samaki hatumjui, mwili mgumu una miiba, mdomo uko chini wa kunyonya, ukimtupa ukingoni asubuhi mpaka jioni bado anahema. Wazee wanasema tumrudishe, eti anasafisha maji. Ni nani huyu na tumfanyeje?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hilo la kuhema mpaka jioni limenipa nusu ya jibu, mana samaki wengi hawawezi. Kwa maelezo yako huyo ni pleko, kwa kisayansi Pterygoplichthys, kwao ni Amerika Kusini. Anameza hewa na tumbo lake linafyonza oksijeni, ndo mana hata maji machafu hayamsumbui. Anauzwa akiwa mdogo wa kuwekwa kwenye tanki la samaki alambe kioo, sasa akifika sentimita 40 tanki halimtoshi, mwenyewe anamwonea huruma anaenda kumwachia mtoni, na hapo ndo balaa linaanza.

Ila hakikisha kwanza, mana Afrika kuna kambale wadogo wa kwenye mawe nao wana mdomo wa kunyonya na hao ni wenyeji, wasiuliwe bure. Wale ngozi yao ni laini, pleko amevaa mabamba ya mfupa mwili mzima. Tandaza pezi la mgongoni uhesabu vijiti laini vilivyo nyuma ya mwiba wa kwanza, vikiwa 9 au zaidi basi ni yeye, ndugu yake Hypostomus kwa kawaida anavyo 7, na huyo pia ni mgeni.

Kuhusu kusafisha maji, hapana jamani. Anakwangua mwani na tope ambalo ni chakula cha samaki wengine, halafu anakinya humohumo. Na kibaya zaidi ni kingo za mto. Dume anachimba shimo kwenye udongo wa ukingo, upana kama wa kuingiza mkono, kwenda ndani linaweza kufika mita nzima au zaidi, jike anataga humo dume anabaki kulinda, na wanapenda kuchimba karibu karibu kwahiyo maji yakipungua unaona ukingo mzima umetobolewa, mvua ikija unaporomoka na mto unajaa tope. Mexico, bwawa la Infiernillo, wavuvi walikuwa wanaishi kwa perege (ambaye naye kule ni mgeni, katoka Afrika), pleko walipozidi nyavu zikawa zinatoka zimejaa hao tu na zimechanika.

Kwahiyo ukimpata usimrudishe kabisa, na usimbebe akiwa hai kumpeleka bwawa lingine. Muue haraka, kumwacha ukingoni ahangaike siku nzima ni ukatili na anaweza kujiburuta akarudi majini. Kumtoa nyavuni usimvute kurudi nyuma, miiba ya mapezi anaifunga ikasimama, msukume mbele kichwa kitangulie, ikishindikana kata jicho moja la wavu, ni nafuu kuliko kuchana upande mzima. Kula analika, kwao wanamla, ila kama mto wenu unapokea maji ya viwanda au migodi mimi nisingemla mana anakula kwenye tope.

Kummaliza kabisa akishaanza kuzaana mtoni ni ngumu sana, sitakudanganya. Kumpunguza inawezekana, na wakati mzuri ni maji yakishuka, piteni kwenye kingo mtafute mashimo mtoe dume na bonge la mayai, hapo mnaondoa mamia kwa mpigo. Sumu msiguse, itaua kwanza samaki wenu wa asili na watu wanakunywa hayo maji.

Na mwambieni afisa uvuvi mapema. Mpige picha tatu, juu, tumboni na pezi la mgongoni likiwa limetandazwa, weka rula pembeni, andika tarehe na sehemu ya mto, mmoja mweke kwenye barafu mpaka amwone.